Shajara ya usiku wa solo

Jumatatu ya kwanza

Jumatatu ndiyo siku yetu ya mapumziko hotelini, kwa hiyo ndiyo siku ya ubishi. Meneja anataka usiku mmoja wa roki ya zamani kwa wageni wa makamo, wale wanaoganda karibu na kaunta wakiomba nyimbo za miaka ya sabini. Nikatoa wazo: tuchague solo kumi za gitaa (pale gitaa linaposhika wimbo na kuimba peke yake) zilizo bora kuliko zote, halafu onyesho lijengwe juu yake. Nilidhani kuchagua ni kazi ya nusu saa na kikombe cha chai.

Tumekaa saa nne. Tuko wanne: mimi wa gitaa, mpiga besi, dada mwimbaji ambaye pia hushika kinanda, na Mzee wa ngoma, aliyeanza kupiga katika mahoteli ya pwani hii kabla sijazaliwa. Daftari hili nimelifungua kwa sababu moja tu: mpiga besi hukana leo alichoapia jana, na safari hii nataka ushahidi wa maandishi.

Kila mtu alikuja na orodha yake. Nyimbo mbili zilikuwamo katika zote nne, "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin na "Hotel California" ya Eagles. Zaidi ya hapo, vita. Mzee aliweka sheria hata chai haijamiminwa: "Solo nisiyoweza kuiimba kwa mdomo nikiwa bafuni, hiyo si solo. Hayo ni mazoezi ya vidole." Nikaandika: Sheria ya Bafu. Ilipita kwa kura tatu kwa moja. Ile moja ilikuwa yangu.

Jumatano, usiku

Nimeanza na "Stairway" kwa sababu nilidhani naijua. Solo yenyewe haifiki dakika moja ndani ya wimbo wa dakika nane, na chini yake zinazunguka kodi tatu tu: A maina, G, F. (Kodi za gitaa, jamani, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za serikali.) Jimmy Page, anayejulikana kwa Gibson Les Paul, safari hiyo aliiweka kando akachukua Telecaster ya 1959 aliyopewa na Jeff Beck. Ndiyo maana sauti ile ni nyembamba na ina ukali wa ndimu; haina unene wa Les Paul. Mimi nina gitaa moja tu, kwa hiyo nimezungusha vifundo vya amplifaya mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna hitilafu ya umeme.

Noti zote ninazo. Nimezipata moja moja, nikipunguza kasi ya rekodi kwa simu. Mzee alipita, akasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema: "Mwanangu, unasoma barua ya mtu mwingine." Akaenda zake.

Nimelala vibaya.

Jumatatu ya pili

Leo ilikuwa zamu ya "Comfortably Numb" ya Pink Floyd, kutoka albamu ya *The Wall*, 1979. Ina solo mbili. Ya kwanza, katika D meja, ni fupi na tamu. Ya pili, katika B maina, ndiyo ile ndefu ya mwisho ambayo watu hufumba macho wakiisikia. Mzee aliziimba zote mbili kwa mdomo bila kukosea, akipiga meza kwa vijiko viwili. Sheria ya Bafu imetimia, nikadhani tumemaliza.

Kumbe mpiga besi alikuwa amesoma. Akatueleza jinsi David Gilmour alivyoitengeneza ile ya pili: alipiga solo tano au sita mfululizo, kisha akakaa kuzisikiliza, akaweka alama kwenye karatasi kila mahali palipomfurahisha, halafu akaunganisha vipande hivyo kuwa solo moja. Yaani hakuna siku ambayo mkono wa Gilmour ulitembea mwanzo hadi mwisho kama tunavyosikia.

"Huyo ni fundi cherehani," mpiga besi akasema. "Si mpiga gitaa."

Dada akamjibu: "Kwani nguo iliyoshonwa si nguo? Ulikuja hapa umevaa jora?"

Hapo tulipoteza saa nzima. Mpiga besi anashikilia kwamba solo ni tukio: mtu, gitaa, dakika mbili, yaliyotokea yametokea. Dada anasema msikilizaji hajali jikoni palikuwaje, anajali sahani. Mimi nilikuwa upande wa dada, mpaka nilipoanza kuipiga. Kuna mahali vidole vinatakiwa kuruka kutoka upande mmoja wa shingo la gitaa hadi mwingine pasipo pumzi, na ukijua habari ya vipande unaisikia ile mishono. Haichukizi, ila ipo.

Nilipouliza basi tuipigeje, mpiga besi aliapa, na ninanukuu neno kwa neno kwa faida ya vizazi vijavyo: "Solo ikisharekodiwa imefungwa. Ukigusa noti moja, umeua wimbo." Nimemsomea. Amekubali. Saa mbili na robo usiku.

(Gitaa jeusi la Gilmour, ile Stratocaster iliyorekodi wimbo huo, lilipigwa mnada New York mwaka 2019 kwa dola 3,975,000, na fedha zikaenda kwa shirika la mazingira la ClientEarth. Mpiga besi alitoa kikokotoo akahesabu ni mishahara yetu ya miaka mingapi. Tulimwomba anyamaze.)

Ijumaa

Uzi wa pili umekatika katikati ya mazoezi, nikivuta noti ya Gilmour. Yeye huuvuta uzi mpaka noti ipande hatua nzima na zaidi, kisha huutetemesha ukiwa huko huko juu. Nyuzi zangu za bei nafuu hazikuumbiwa hayo. Nimenunua seti mbili. Hakuna la zaidi.

Jumatatu ya tatu

Nililazimisha Van Halen. Sheria ya Bafu ilinikera tangu mwanzo kwa sababu inaitupa nje "Eruption", na mtu anayezungumzia solo za roki bila "Eruption" ni kama anayezungumzia kandanda bila Pelé.

Dakika moja na sekunde arobaini na mbili, iliyotoka mwaka 1978. Eddie Van Halen alikuwa studio ya Sunset Sound, Hollywood, akijipasha vidole kwa ajili ya onyesho la mwisho wa wiki. Fundi mitambo Donn Landee akarekodi. Baadaye mwenyewe Eddie alisema kuna kosa ndani yake, na kwamba angeweza kuipiga vizuri zaidi. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyowatoa watu jasho: mkono wa kulia unaacha kazi yake ya kawaida, unakuja juu ya shingo la gitaa kugonga nyuzi kwa kidole, mkono wa kushoto nao unaendelea na kazi yake. Mikono miwili, uzi mmoja, noti zinamwagika kama mtama kutoka gunia lililotoboka.

Mzee alisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Akajaribu kuiimba. Tulicheka mpaka dada akalala chini.

"Nimeshindwa," akasema. "Lakini sheria ni sheria."

Nikacheza karata yangu ya pili: "Beat It" ya Michael Jackson, 1982. Hiyo nayo ni solo ya Eddie, na hakulipwa hata senti. Alikwenda kama anayemsaidia rafiki. Kabla ya kupiga aliomba sehemu ya wimbo iliyo chini ya solo ibadilishwe, kwa sababu kodi zilizokuwapo hazikumpa pa kukanyagia. Mzee aliijua tangu enzi za kanda, na akaiimba karibu yote, pamoja na ule mlio wa mwisho unaopaa. Nikamuuliza, je, mkono si ule ule? Vidole si vile vile? Akafikiri. "Hapa amepewa njia," akasema. "Kule alikuwa anakimbia uwanjani peke yake."

Sikutaka kukiri, lakini nimeandika. Kilichobadilika kati ya solo hizo mbili si vidole, ni kilicho chini yake. "Eruption" imebaki nje, kura tatu kwa moja. Ile moja, mnajua.

Alhamisi

Dada amekuja amenuna. Orodha nzima ni ya wanaume, anasema, na hakuna aliyeona. Kweli hatukuona. Akafungua simu, akatuonyesha Sister Rosetta Tharpe, mwaka 1964, katika kituo cha treni kisichotumika huko Manchester. Runinga ya Granada ilikuwa imewaweka watazamaji kwenye jukwaa moja la kituo na wanamuziki kwenye jukwaa la upande wa pili, reli katikati. Mvua imenyesha. Yule mama, na koti lake zito na Gibson nyeupe kifuani, anaimba wimbo wa injili kuhusu mvua, halafu anaachia solo. Ni fupi. Katikati yake anatazama watu kama anayewauliza, mmesikia hiyo?

Huyu alikuwa anapiga gitaa la umeme namna hii wakati wengi wa kwenye orodha yetu hawajazaliwa. Ukumbi wa heshima wa roki ulimwingiza mwaka 2018, miaka 45 baada ya kifo chake.

Hakuna aliyebisha. Rosetta atafungua onyesho. Hii ndiyo mara ya kwanza kura zimekuwa nne kwa sifuri, na mpiga besi alionekana kukosa raha.

Jumatatu ya nne

"Hotel California", na tatizo ambalo nilikuwa nalikwepa: wimbo ule unataka magitaa mawili, nami niko mmoja.

Solo ile ni mazungumzo ya Don Felder na Joe Walsh. Kwanza wanapokezana, mmoja anasema, mwingine anajibu, kisha mwishoni wanaungana na kushuka pamoja, noti kwa noti, kila mmoja katika sauti yake, juu ya zile kodi nane zinazoanzia B maina. Na haikuzuka studioni. Felder alikuwa ameiwaza kwenye kanda ya majaribio aliyorekodi nyumbani, Malibu. Bendi ilipofika kurekodi Miami, Don Henley alikataa kitu kipya, akataka ile ile ya kanda. Felder hakuwa nayo. Ikabidi ampigie simu mtumishi wa nyumba yake California, atafute kanda, aiweke kwenye redio na kushikilia simu karibu na spika, ili Felder ajifunze upya kazi yake mwenyewe.

Mpiga besi alifurahi sana na hadithi hiyo. "Umeona? Imefungwa!"

Tumemleta kijana mmoja anayepiga gitaa kanisani, mtaa wa pili kutoka kwangu. Hajawahi kupiga roki. Yeye ni sebene asubuhi mpaka jioni, na wimbo huu anaujua kwa kuusikia kwenye matatu. Nilitenga wiki mbili za kumfundisha ile sehemu ya mwisho. Nikampigia sauti yangu mara moja, polepole. Akainamisha kichwa, akatafuta mahali pa kuanzia, akaingia juu yangu kwa sauti ya pili, sawasawa kabisa, akitabasamu.

"Anko," akasema, "hii si mi-solo tu?"

Sikuwa na la kusema. Ni kweli. Watu wa Kinshasa wamekuwa wakisuka magitaa mawili na matatu namna hiyo miaka na miaka, ridhimu, mi-solo (gitaa la katikati) na solo, na kijana yeyote wa bendi ya kanisa hapa kwetu amekulia humo. Kinachomsumbua ni kitu kingine kabisa: hajui kuacha. Akifika mwisho anataka kurudia, kwa sababu kwake gitaa likishakolea ndipo watu wanainuka kucheza. Felder na Walsh wanafika mwisho wakati wageni wetu wamekaa, wameshika glasi, na hilo kwake ni msiba.

Jumatano

Mpiga besi alitaka "Bohemian Rhapsody" ya Queen kwa sababu za ujirani: mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 1946. Nikamkumbusha kwamba solo si ya Freddie, ni ya Brian May, mpiga gitaa wao. Akasema wimbo ni wa Freddie na gitaa lilikuwa mgeni ndani yake. Safari hii ana hoja. May hakutaka kurudia wimbo wa mwimbaji kwa nyuzi. Alitaka sauti nyingine, kama ubeti ambao Freddie hakuuandika. Solo inatokea pale sauti ya mtu inapokwisha, inadumu nusu dakika hivi, kisha inashuka na kufungua mlango wa ile opera, sehemu ya sauti nyingi zinazoimba pamoja.

Gitaa lenyewe ni jua kali halisi. May na baba yake walianza kulitengeneza kwa mikono mwaka 1963. Shingo lake limetokana na mbao kuukuu za rafu ya juu ya meko ya kuotea moto, na chini ya mkono wa kutetemeshea kuna springi za valvu za pikipiki. Nyuzi anazipiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita. Nimejaribu na shilingi ishirini yetu. Inakwaruza vizuri, lakini nimemaliza nyuzi mpya kwa siku moja.

Opera hatuiwezi, tuko wanne na nusu. Tumeuacha wimbo kwa masikitiko.

Jumatatu ya tano

Ya leo nimeiandika usiku huu huu kabla haijanitoka.

Tuliweka Jimi Hendrix, "All Along the Watchtower", 1968. Wimbo ni wa Bob Dylan, aliyeutoa mwaka 1967 kwa gitaa kavu na kinanda cha mdomo. Hendrix aliuingiza studio ya Olympic, London, wiki chache tu baada ya hapo, na katikati akaweka solo yenye vyumba vinne: kwanza anaimba kwa nyuzi, kisha anateleza juu yake (inasimuliwa alitumia kiberiti cha gesi), kisha pedali ya wawa, ile ya kukanyagwa kwa mguu, inaanza kusema kama mtu, mwisho anachapa kodi kama mpiga ridhimu. Kila chumba kina mlango wake. Dylan mwenyewe baadaye alikuwa akiupiga wimbo wake mwenyewe kwa kumfuata Hendrix.

Kisha kijana wa kanisa, ambaye tulidhani amelala, akauliza kama tunaijua "Maggot Brain" ya Funkadelic, 1971. Ameipata kwenye simu akitafuta mambo mengine. Tukaiweka. Dakika kumi. George Clinton alimwambia mpiga gitaa wake, Eddie Hazel, kijana wa miaka kama ishirini, apige kana kwamba ameambiwa mama yake amefariki. Kisha Clinton, alipochanganya sauti, akawashusha wanamuziki wengine karibu wote, akaliacha gitaa na nyuzi chache zinazozunguka nyuma yake.

Hakuna aliyezungumza. Dada alitoka nje. Mzee alikaa na vijiko vyake mikononi, hakugonga. Ilipokwisha nilimuuliza, ya kuchokoza kidogo, kama inaimbika bafuni.

"Haiimbiki," akasema. "Wala usije ukaipiga hotelini."

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini "Stairway" yangu ilikuwa inanuka karatasi. Wiki tano nimebishania nani bora, wakati swali lililokuwa likinisumbua ni jingine: ipi ninaruhusiwa kuigusa. Ile ya Felder ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya Miami; ukiibadilisha, unampora mtu. Ile ya Hazel ilikuwa ya siku moja na huzuni moja. Ukiinakili, unajiliza kwa msiba usio wako. Page yuko kati. Alipiga solo tatu tofauti, akachagua moja, na zile mbili nyingine zilikuwa halali vile vile mpaka dakika aliyochagua. Jukwaani aliendelea kuibadilisha miaka yote. Kwa hiyo zile kodi tatu ni kiwanja, si kaburi.

Nimewaambia nitapiga yangu. Mpiga besi amesema nimerukwa na akili.

Alhamisi ya mwisho

Orodha imeshuka kutoka kumi hadi tano: Rosetta, "Beat It", "Comfortably Numb" (ya pili tu, noti kwa noti, mishono na yote), "Hotel California", "Stairway". "Sultans of Swing" ya Dire Straits ilikuwa imeingia ikatoka. Mark Knopfler hutumia vidole vitupu, dole gumba na viwili vinavyolifuata, na Mzee alipoona akasema huyu angeelewana na Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Katanga. Huenda. Lakini mimi vidole vyangu haviwezi ile kasi ya mwisho kufikia Jumamosi.

Jumapili, mchana

Jana imepita. Wimbo wa Rosetta uliwainua wanawake wawili wa Kiskoti kutoka vitini. "Hotel California" ulikwenda kama maji, isipokuwa kijana wa kanisa alirudia sehemu ya mwisho mara mbili zaidi, tukamfuata kwa sababu hakukuwa na namna. Watu walipiga makofi katikati, wakidhani imekwisha, kisha wakapiga tena.

"Stairway" tuliiweka mwisho. Mzee alipoingia na ngoma, nikaacha kabisa solo ya Page, nikabaki na zile kodi tatu na skeli ya noti tano, nikaenda. Mbele yangu alikuwa mgeni mmoja, mtu mzima wa Kijerumani, anayepiga gitaa la hewa kwa macho yaliyofumbwa. Vidole vyake vilikuwa vinapiga solo ya Page, yote, kwa mpangilio sahihi. Mimi nilikuwa kwingine kabisa. Alifumbua macho, akanitazama kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, akaendelea na ya kwake hadi mwisho. Tulimaliza pamoja.

Baadaye alikuja jukwaani, kwa upole sana, kuniuliza kama nilisahau. Kabla sijafungua mdomo mpiga besi aliruka mbele yangu. Akamweleza yule mzee wa watu, kwa Kiingereza na kwa mikono, kwamba Page mwenyewe hakuwa akiipiga sawa jukwaani, kwamba solo ni kitu hai, na kwamba anayeifunga ndiye anayeiua.

Nilimsubiri mpaka tukiwa tunakunja nyaya. Nikamfungulia daftari Jumatatu ya pili, saa mbili na robo usiku, nikamwekea kidole juu ya mstari.

Akausoma mara mbili, akanirudishia. "Huu," akasema, "si mwandiko wangu."